Neno Moja Kwenye Tangazo la Lori

Sumaku ilidondoka kwa mara ya tatu.

Inspekta akainama, akaiokota kwenye saruji, akaipangusa kwenye suruali yake ya kazi, kisha akaibandika tena kwenye mlango wa lori, safari hii shubiri moja juu zaidi. Ikashika kidogo kwa kusitasita, ikateleza, ikaanguka.

"Mlango huu nusu yake ni pati ya kuzibia," alisema. "Chuma kipo pembeni tu. Katikati wamekandika kama ukuta wa nyumba."

Mzee Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya duka lake la kunyolea, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, koti lake jeupe la kazi limefungwa vifungo vyote. Lori lilikuwa limejaza uwanja mzima. Lilipakwa rangi ya buluu iliyong'aa kiasi cha mtu kujiona uso, na vikombe vya magurudumu vilisuguliwa mpaka vikatoa mwanga. Mpita njia yeyote angesimama kulitazama, na tangu asubuhi wengi walikuwa wamefanya hivyo.

Siku tatu nyuma mzee huyo alifika kituoni kulalamikia lori alilonunua, na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Koplo wa mapokezi alikisoma, akakuna kichwa, akampeleka moja kwa moja kwa Inspekta wa kitengo cha udanganyifu, yule ambaye wenzake walimwita Darubini. Si kwamba walimsifia. Faili ambalo mwingine angelifunga kabla ya chakula cha mchana, yeye alikaa nalo wiki nzima akilichungulia. Lakini kabla ya upelelezi Inspekta huyu mwanamke alikuwa mkaguzi wa magari kwa miaka kumi na mmoja, na kila mtu kituoni alijua kwamba jambo lenye magurudumu ni lake.

Tangazo lilikuwa fupi. *Lori la kale, lina miaka sitini barabarani. Limekarabatiwa kikamilifu. Kuliona ni kulipenda.* Chini yake palikuwa na picha, na kwenye picha namba ya usajili ilisomeka vizuri.

"Nianzie tena, mzee wangu," Inspekta alisema huku akichukua tochi. "Namba hii uliijuaje?"

"Utasahau namba ya mlango wa kwenu?" Mzee Kinyozi alinyanyua uso. "Kaka alikuwa dereva, mimi utingo wake. Nikipakia, nikishusha, nikiweka jiwe nyuma ya tairi tukisimama mlimani. Miaka tisa. Lori lilikuwa la tajiri mmoja, lakini yeye alikuwa na karatasi tu. Sisi ndio tuliolala ndani yake. Tulilipa jina, tukaliita Mamamkwe."

"Mamamkwe?"

"Kwenye mlima lilikuwa halitaki kuharakishwa, mwanangu. Unaliomba kwa adabu. Ukilipandishia sauti linazima, linakutia aibu mbele za watu."

Inspekta alijikuta anatabasamu. "Na siku ulipolinunua, uliliendesha mwenyewe hadi hapa?"

"Sina leseni mimi. Aliliendesha mume wa binti yangu." Macho ya mzee yalimetameta. "Yaani mkwe kamwendesha Mamamkwe. Kaka angekuwepo leo angecheka mpaka akae chini." Kisha kicheko kikamwisha. "Nilipobaki peke yangu nikapanda, nikakaa upande wangu, nikafunga mlango. Ukafunga mara moja. Mlango wa Mamamkwe ulikuwa unafunga mara mbili. *Ta*, halafu kidogo tena, *ta*. Nikafungua, nikafunga. Mara moja tu. Hapo moyo ukanilipuka."

"Watasema wametengeneza kitasa."

"Waseme. Mimi nina masikio tu. Ndiyo maana nimekuletea wewe mwenye macho."

Inspekta alitandika gunia, akalala chali, akajisukuma chini ya lori. Kwa kitambaa kilicholowa petroli alisugua ubavu wa chasisi nyuma ya gurudumu la mbele, mahali ambapo kiwanda hugonga namba. Alitarajia kukuta alama za jiwe la kusagia, au mstari wa kuchomelea uliofichwa kwa rangi nzito, kwa kuwa wezi wa magari ndivyo wafanyavyo. Hakukuta kitu. Tarakimu saba zilijitokeza moja baada ya nyingine, zimezama sawasawa kwenye chuma cha zamani, kingo zake zimelainika kwa miaka. Alizisoma kwa sauti. Mzee alizifuatilia kwa kidole kwenye kadi ya gari.

"Zote ndizo," mzee alisema.

"Basi chasisi ni ya Mamamkwe. Haijaguswa."

Mzee Kinyozi alionekana kama mtu aliyedai amepotelewa na kitu halafu akaonyeshwa kiko mfukoni mwake. "Kwa hiyo nimezeeka vibaya," alisema polepole. "Nimekusumbua bure."

"Sijamaliza."

Namba ya injini haikulingana, na kwa dakika kadhaa Inspekta alidhani ameshika mkia wa jambo. Lakini nyuma ya kadi palikuwa na mhuri wa miaka ishirini iliyopita: injini ilibadilishwa na mmiliki mwingine, kwa kibali, mambo yote wazi. Akaipigia mstari kwenye daftari, akasonga mbele. Akapanda ndani ya kebini, kwenye chumba cha dereva.

Kibao cha kiwandani kilikuwa mahali pake, chini ya dashibodi upande wa utingo: bati dogo lililochakaa, na namba ile ile ya chasisi. Mkaguzi mvivu angeridhika. Inspekta alisogeza tochi mpaka ikakaribia kugusa bati. Kibao kilikuwa na kutu ya heshima, umri wake unaonekana. Ribiti, zile pini za kukazia bati, nne zilizokishika zilikuwa nyeupe, za aluminiamu, za aina ile yenye tundu katikati ambayo mtu huifyatua kwa koleo la mkono. Lori lilipotoka kiwandani ribiti hizo hazikuwa zikitumika.

Akainua zulia la mpira. Kwenye kona, mahali ambapo msasa haufiki, akakwangua rangi kwa wembe aliomwomba mzee. Ikatoka buluu mpya. Chini yake kijivu. Chini ya kijivu, imeng'ang'ania chuma chenyewe, kijani.

"Mzee wangu, Mamamkwe lilipata kuwa la kijani?"

"Kijani?" Mzee alikaribia kuinuka. "Kaka angeacha kazi! Lilikuwa la buluu tangu kiwandani. Tajiri alitaka kulipaka rangi za kampuni yake, kaka akamwambia basi tafuta na dereva wa rangi hizo."

Inspekta akashuka, akakaa kwenye ngazi ya lori, nyuso zao zikalingana.

"Masikio yako hayana kosa," alisema. "Miguu ni ya Mamamkwe. Kichwa ni cha lori jingine, na kuna mtu aliyekivisha kibao chake ili tusijue."

"Na kichwa chake kiko wapi?"

"Hilo ndilo ninaloenda kuuliza."

*

Muuzaji alijulikana kwa jina la Bwana Tai, kwa kuwa hata kwenye joto la saa nane mchana hakuwahi kuonekana bila tai shingoni. Uwanja wake ulikuwa na magari ya kale kumi na mawili yaliyopangwa kwa mshazari, kila moja na kadi ndogo iliyoandikwa kwa mkono wa kupendeza. Mlangoni palikuwa na ubao wa bati: MAGARI YA KALE, YAMEKARABATIWA. Inspekta alisimama kuusoma, na alichelewa hapo kuliko ilivyohitajika kwa maneno manne.

Ofisini kuta zilijaa picha za watu waliosimama kando ya magari, wengi wao wazee, wengine wanafuta machozi.

"Unawaona hao?" Bwana Tai alimvutia kiti. "Hakuna hata mmoja aliyenunua chuma, afande. Wamenunua ujana wao. Huyu hapa alimtolea mkewe posa ndani ya gari kama hilo. Mimi nafanya kazi ya kurudisha watu nyuma."

"Yule mzee kinyozi umemrudisha wapi?"

Uso wa Bwana Tai ukajaa huruma bila kuchelewa. "Nimesikia amelalamika. Roho imeniuma. Lakini niambie wewe uliyesoma: kukarabati maana yake nini? Gari lilikuwa limekufa, sasa linatembea. Lilikuwa na kutu, sasa linang'aa. Ni neno pana hilo."

"Kebini si yake."

"Hapana!"

"Ilikuwa ya lori la kijani."

Bwana Tai alilegeza tai kwa kidole, akatazama picha zake ukutani, akatikisa kichwa kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. "Fundi Nyundo," alisema. "Nilijua siku moja atanitia doa. Lori nilimpeleka likiwa zima, nikamwambia likarabati. Mimi si fundi, afande. Mimi nalipokea lililokamilika. Kumbe fundi yule kaitoa kebini halisi, kaiuza kwa wanaokusanya vitu vya kale, kanibandikia nyingine. Na kibao kahamishia humo."

"Nilikutajia kibao?"

Kalamu aliyokuwa akiichezea Bwana Tai ikasimama. "Wewe... si umesema?"

"Nimesema kebini."

"Basi nimekisia. Kebini na kibao havitengani." Akacheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri. "Muulize fundi. Atakueleza mwenyewe."

Inspekta aliandika mstari mmoja kwenye daftari, akaaga. Alipopita mlangoni alitoa kidole na kugusa kona ya ule ubao wa bati, kisha akaingia kwenye gari.

*

Karakana ya Fundi Nyundo ilikuwa mwisho wa barabara ya mafundi, baada ya wachomeleaji na washona viti. Palinuka rangi na chuma cha moto. Mwenyewe alikuwa mzee mwembamba mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake, na alikuwa akigonga bati la boneti kwa nyundo ya mbao, pigo dogo dogo, sikio limeinama karibu na bati.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Ngoja nimalize huu mstari, ukipoa haunyooki tena."

Inspekta akangoja. Alipoona nyundo imewekwa chini, akatoa kitambulisho na tangazo la gazeti. Fundi alilisoma akiwa amelishika mbali na macho. Kwenye neno la tisa akasimama.

"Kikamilifu," alisema. Akalirudisha. "Kaandika hivi?"

"Na amesema wewe ndiye uliyeiuza kebini halisi ukaweka nyingine."

Fundi Nyundo hakupandisha sauti. Alienda kwenye kabati la mbao, akapekua chini ya misasa, akarudi na daftari kubwa la kazi, lile la karatasi mbili mbili zenye kaboni katikati. Alilamba kidole, akafungua ukurasa wa miezi mitano nyuma. Nakala ilikuwa ya wino hafifu wa kaboni, lakini ilisomeka: *Kebini imeoza sakafu na nguzo. Mteja hataki kungoja itengenezwe. Imewekwa kebini ya lori jingine, la kijani. Hili si lori lililokarabatiwa, ni lori lililoungwa. Mteja ameelezwa.* Chini palikuwa na sahihi ya Bwana Tai, yenye mkia mrefu.

"Uliandika hivyo makusudi," Inspekta alisema.

"Miaka arobaini nafanya kazi hii, mama. Mtu akiniletea gari la kazi, nalitengeneza litembee, basi, hata nikifunga kwa waya hakuna atakayeniuliza. Lakini gari la kale ni jambo jingine. Ukisema umelikarabati, umesema kwamba kile kilichokuwepo bado kipo. Umekisafisha, umekitibu. Na pale uliposhindwa, unamwonyesha mwenye gari kwa kidole: hapa nimeshindwa, hapa nimeweka cha mwingine. Nilimwambia Bwana Tai, nipe miezi minane nikufanyie hivyo. Akanipa mwezi mmoja na nusu."

"Na kibao?"

"Alitaka nikihamishe. Nikakitoa kwenye kebini ya zamani, nikakitia kwenye bahasha, nikampa mkononi. Nikamwambia, hiyo kazi tafuta mwingine."

"Una ribiti za kufyatua hapa?"

Fundi alimwangalia kana kwamba ameulizwa kama anafuga mamba. "Zile za kubandikia mabango? Humu hazijaingia."

Inspekta alitembea kando ya meza ya kazi, akavuta droo moja baada ya nyingine, kwa ruhusa. Palikuwa na ribiti ngumu za chuma za kila ukubwa, kila moja kwenye kopo lake. Za aluminiamu hazikuwepo. Hata hivyo hakufunga daftari.

"Kebini ya zamani iko wapi?"

"Skrapa." Jibu lilitoka haraka mno kwa mtu aliyekuwa akizungumza taratibu. "Bwana Tai aliagiza itupwe. Wakaja watu wa skrapa wakabeba."

"Nionyeshe karatasi yao."

Akaionyesha. Inspekta alisoma: matairi mabovu matatu, tangi, mabati mbalimbali kilo themanini na tano. Akaisoma mara ya pili.

"Fundi, kebini ya lori la zama zile, pamoja na milango, haipungui kilo mia tatu. Watu wa skrapa hawaachi hata msumari bila kuupima. Kebini hawakuibeba."

Fundi Nyundo alifuta mikono kwenye tambara, kidole kimoja kimoja. Kwa mara ya kwanza tangu waanze kuongea, alionekana kuogopa.

"Ukiikuta kwangu, si nitaonekana nilitaka kuiuza kweli?"

"Ulitaka kuiuza?"

"Njoo," alisema.

Nyuma ya karakana, kati ya ukuta na tangi la maji, palikuwa na turubai lililofungwa kamba. Fundi alifungua mafundo bila haraka. Chini yake, imekaa juu ya matofali, ilikuwa kebini ya buluu iliyopauka, sakafu imetobolewa na kutu, kioo kimoja hakipo. Inspekta alifungua mlango wa upande wa utingo, kisha akaufunga.

*Ta.* Halafu kidogo tena, *ta*.

"Nilianza kuikata," Fundi Nyundo alisema. "Nikavua kitambaa cha paa ili moto usikishike. Nikakuta maandishi. Nikazima mtungi wa gesi. Tangu hapo sikuweza kuikata, na sikujua nimpelekee nani. Bwana Tai angeniambia nichome haraka."

Inspekta alipanda, akaelekeza tochi juu ya kiti cha dereva, akasoma. Alikaa humo muda mrefu. Aliposhuka alizima tochi na kuitia mfukoni.

"Funika," alisema. "Usipake kitu, usifute kitu. Kesho asubuhi nakuja na mwenyewe."

*

Bwana Tai alikuwa anafunga ofisi jua lilipokuwa linaegemea. Inspekta alimwekea mezani nakala ya karatasi ya kazi, akakaa. Safari hii hakungoja kuvutiwa kiti.

"Sahihi yangu hiyo," Bwana Tai alikiri baada ya kuitazama. "Lakini mimi huwa nasaini bila kusoma. Nina mambo mengi."

"Ulisaini kwamba lori limeungwa, baadaye ukatangaza kwamba limekarabatiwa kikamilifu."

"Nimeshakwambia, ni neno pana!"

"Nimekubali. Neno nitamwachia hakimu, yeye atalipima upana wake. Mimi nataka kibao. Fundi alikupa kwenye bahasha. Kikaja kuonekana kwenye kebini ya kijani, kimeshikwa na ribiti nne za aluminiamu. Karakana ya fundi haina hata moja. Ubao wako wa mlangoni unazo kumi na mbili za aina hiyo hiyo. Nimezihesabu."

"Kila mtu ana ribiti kama hizo."

"Inawezekana. Ufungue droo hiyo au niifungue kwa kibali cha mahakama? Kibali ninacho."

Mkono wa Bwana Tai ulienda kwenye tai, ukarudi, ukafungua droo. Koleo la kufyatulia lilikuwa juu ya bahasha za kaki, na kwenye mojawapo ya bahasha hizo mwandiko wa Fundi Nyundo ulisema: *Kibao cha lori la buluu. Kisitumike.*

Bwana Tai aliegemea nyuma. Alipozungumza tena sauti yake ya biashara ilikuwa imemtoka.

"Ulimwona alipokuja kulichukua? Alilishika boneti kwa mikono miwili kama anashika uso wa mtu. Nikajiambia, nimemfurahisha mzee wa watu. Ningemwambia kweli angepata nini?"

"Angepata nafasi ya kuuliza kebini yake iko wapi," Inspekta alisema. "Vaa koti. Tunaenda kuandika maelezo."

*

Mzee Kinyozi alifika karakana asubuhi na koti lake jeupe la kazi. Alisema hakuona haja ya kuvaa kwa sherehe. Lakini turubai lilipoondolewa alisimama hatua nne kutoka kwenye kebini, akakataa kusogea.

"Imezeeka," alisema.

"Miaka arobaini na mmoja tangu muachane, mzee mwenzangu," Fundi Nyundo alimjibu. "Hata sisi tumetoboka huku na huku."

Inspekta alimshika mkono, akamsaidia kupanda. Mzee alielekea upande wa utingo. "Huku," Inspekta alimwambia, akamwongoza hadi kiti cha dereva, akamwashia tochi juu. "Kitambaa cha paa kilikuwa kimeachia upande huu?"

"Kilikuwa kimeachia tangu zamani. Kaka alikuwa akichomeka penseli yake humo, ya kuandikia mizigo."

"Soma, basi. Taratibu."

Maandishi yalikuwa madogo, yameegemea kulia, yameandikwa kwenye chuma kitupu. Mzee Kinyozi aliyasoma kwa sauti ya mtu anayejifunza kusoma.

"*Leo mdogo wangu kaendesha. Toka darajani hadi sokoni. Kilomita nne. Kazima mara sita.*" Akameza mate. "*Kilomita kumi na moja. Kazima mara mbili. Kakanyaga klachi vizuri.* ... *Kilomita thelathini, na mzigo.* ... *Mlima wote hadi juu. Hakuzima hata mara moja. Sikumwambia kitu asije akavimba kichwa.*"

Nje, mchomeleaji wa jirani alianza kazi, akaacha.

"Siku hiyo naikumbuka," mzee alisema. "Nilifika juu jasho linanitiririka. Nikazima injini, nikamgeukia. Nikangoja aseme. Akaniambia, nenda kafute kioo. Basi. Nilifuta kioo nikilia. Nikajua nimeshindwa. Alipokufa mwaka huo huo, kwa homa ya siku nne, tajiri aliuliza kama naweza kulishika lori. Nikamwambia hapana, mimi si dereva. Nikaenda kujifunza kunyoa."

Mwanga wa tochi ulikuwa bado juu. Ulibaki mstari mmoja, nyuma kidogo, na ilimbidi mzee apinde shingo kuupata.

"*Mwakani nimtafutie leseni. Nimwachie gari. Yupo tayari, tangu mlima ule.*"

Inspekta alishuka, akamwacha. Fundi Nyundo alikuwa amegeukia tangi la maji na kulichunguza kwa bidii, ingawa halikuwa likivuja. Walisimama hapo nje wote wawili, mpaka mzee mwenyewe alipogonga bati kwa ndani, kwa kifundo cha kidole, kuashiria amemaliza.

"Fundi," aliita. "Unaweza kuirudisha?"

"Sakafu lazima nishone upya, na nguzo moja. Nitakuonyesha kila nilipoweka bati jipya. Itachukua muda, na haitang'aa."

"Isiwe inang'aa. Paa usiliguse."

*

Kesi ya Bwana Tai iliendelea mahakamani, na mawakili walitumia asubuhi nzima kuvutana juu ya maana ya kukarabati. Fundi Nyundo aliitwa kuieleza. Aliieleza kama alivyomweleza Inspekta, na karani akaomba arudie polepole ili aandike. Kuhusu kibao mshtakiwa hakuvutana, alikiri. Mwendesha mashtaka aliridhika na picha, na kebini ikaruhusiwa kutoka kwenye vidhibiti. Gharama ya kuirudisha ilimwangukia Bwana Tai, na kebini ya kijani akarudishiwa afanye nayo atakalo.

Ilikuwa mwezi wa tatu baadaye Inspekta alipopita karakana kuchukua sahihi ya mwisho ya faili. Alikuta lori limesimama katikati ya uwanja, buluu yake imepauka, mabaka ya bati jipya yameachwa bila rangi ili yaonekane. Mzee Kinyozi alikuwa amekaa mbele ya usukani, mikono yote miwili imeushika, injini inanguruma.

"Mwanangu," alimwita kupitia dirishani, sauti yake ina wasiwasi wa kweli, "wewe ni polisi. Na mimi leseni sina."

Inspekta alitazama lango la karakana. Lilikuwa limefungwa, na barabara ilikuwa upande wa pili.

"Humu ndani ni kwa mtu binafsi, mzee wangu," alisema. Akageuka, akaweka faili juu ya pipa na kuanza kutafuta kalamu.

Nyuma yake lori lilitoa mngurumo mkubwa, likaruka kidogo, likazima. Hakugeuka. Likawashwa tena. Safari hii lilianza kujivuta, pole, tairi zikiponda kokoto, likapita tangi la maji, likapita meza ya kazi, likaenda hadi langoni na kusimama bila kuzima. Hapo ndipo Inspekta alipogeuka. Mzee Kinyozi alikuwa ametoa kichwa dirishani, miwani imeshuka puani, anamuuliza Fundi Nyundo gia ya kurudi nyuma iko upande gani. Fundi akaweka nyundo chini, akafungua mlango wa utingo, akapanda kumwonyesha.